Roma na Biryogo: Filamu ya Vita na Lugha ya Mtaa

Wasomaji wetu watajiuliza, na wana haki ya kujiuliza, filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1945 inatafuta nini katika kurasa za idara ya Kiswahili. Jibu fupi ni kwamba tuliionyesha darasani katika somo la fasihi na jamii. Tulitaka kuwapa wanafunzi wa mwaka wa pili maana ya uhalisia, istilahi ambayo wengi wao huikariri kwa ajili ya mtihani bila kuionja. Jibu refu linapitia Biryogo, mtaa wa Nyamirambo ambao kila mkazi wa Kigali anaujua kwa chai yake, mishkaki yake na misikiti yake, na ambao wengi huutaja kwa neno moja tu: kwa Waswahili.

Filamu yenyewe ni Roma, città aperta ya mwongozaji Roberto Rossellini. Jina hilo ni la kisheria. Mji wazi ni mji ambao wenyewe wametangaza kwamba hautalindwa kwa silaha, ili adui naye asiushambulie. Roma ilitangazwa hivyo Agosti 1943. Mwezi uliofuata Wajerumani waliukalia, nao hawakuondoka hadi majeshi ya Marekani na washirika wake yalipoingia tarehe 4 Juni 1944. Kwa hiyo jina ni la kejeli: mji ulioitwa wazi ulikuwa umefungwa kwa amri ya kutotoka nje usiku, kwa misako na kwa njaa.

Rossellini alianza kupiga picha Januari 1945, vita vikiwa bado vinaendelea kaskazini mwa Italia. Studio kubwa za Cinecittà zilikuwa zimegeuzwa makazi ya wakimbizi, umeme ulikatika mara kwa mara, na utepe wa filamu ulipatikana kwa vipande. Basi kamera ikaenda mtaani. Kifo cha Pina, mwanamke wa mtaani ambaye ni moyo wa filamu, kilipigwa picha katika barabara halisi ya mtaa wa wafanyakazi wa Prenestino, mbele ya majengo ambayo watu walikuwa wakiishi. Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Septemba mwaka huohuo, na mwaka 1946 ikawa miongoni mwa zilizopata tuzo kuu ya tamasha la Cannes.

Hapa tusahihishe kosa ambalo hata sisi tulikuwa tukilifundisha. Husemwa kwamba uhalisia mpya wa Waitaliano uliwatumia watu wa kawaida wasio waigizaji. Ni kweli kwa Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica (1948), ambamo mtu aliyeibiwa baiskeli anaigizwa na mfanyakazi wa kiwanda, Lamberto Maggiorani. Si kweli kwa wahusika wakuu wa filamu ya Rossellini. Anna Magnani, aliyekuwa Pina, na Aldo Fabrizi, aliyekuwa padri Don Pietro, walikuwa wasanii wa majukwaa ya vichekesho na nyimbo, na watu wa Roma waliwajua na kuwapenda. Kilichokuwa kipya ni kwamba walisema kama majirani wa watazamaji wao.

Dhamira za kijamii zinaanza na mkate. Wanawake wanavamia duka la mkate, na askari wa Kiitaliano aliyetakiwa kuzuia fujo anaishia kupewa mkate naye. Pina ni mjane, ana mtoto wa kiume, ana mimba, na kesho yake anatarajia kufunga ndoa na Francesco, mpiga chapa anayefanya kazi ya siri dhidi ya Wajerumani. Asubuhi ya harusi jengo lao linazingirwa. Francesco anatupwa ndani ya lori, Pina anakimbia nyuma yake akimwita, na risasi inamwangusha katikati ya barabara. Tukio hilo lina mzizi wa kweli: tarehe 3 Machi 1944 Teresa Gullace, mama mwenye mimba, alipigwa risasi mjini Roma alipokuwa akijaribu kumkaribia mumewe aliyekamatwa.

Dhamira ya kisiasa imebebwa na watu wawili ambao kwa kawaida wasingekaa meza moja. Manfredi ni Mkomunisti. Don Pietro ni padri wa Kikatoliki. Padri anambeba yule mwingine kwa pasipoti za kughushi, fedha na maficho, na mwishowe wote wawili wanakamatwa. Mkomunisti anakufa katika mateso bila kutaja jina la mtu, padri anapigwa risasi akiwa amefungwa kwenye kiti. Don Pietro naye ana asili ya kweli, tena mara mbili: padri Giuseppe Morosini aliyepigwa risasi tarehe 3 Aprili 1944, na padri Pietro Pappagallo, mmoja wa watu 335 waliouawa na Wajerumani katika mapango ya Ardeatine tarehe 24 Machi mwaka huohuo. Ujumbe kwa mtazamaji wa 1945 ulikuwa wazi: Italia mpya itajengwa na kanisa na chama cha wafanyakazi kwa pamoja. Haikudumu. Mwezi Mei 1947 Wakomunisti walikuwa tayari wameondolewa serikalini.

Lakini tusiitazame filamu hii kwa macho ya mahujaji. Wajerumani ndani yake ni waovu kwa ukamilifu, na Waitaliano karibu wote ni wema au ni dhaifu tu. Ufasisti ulitawala Italia zaidi ya miaka ishirini, lakini katika filamu umebaki kivuli pembeni. Rossellini mwenyewe, kabla ya kuanguka kwa Mussolini, alikuwa ametengeneza filamu tatu za kuunga mkono vita, ya kwanza ikiwa La nave bianca ya mwaka 1941. Hatusemi hivyo ili kumshitaki marehemu. Tunasema kwa sababu filamu ya baada ya vita hufanya kazi mbili kwa mkono mmoja: inashuhudia, na wakati huohuo inachagua nani asamehewe kabla hajaulizwa. Mwanafunzi wa fasihi lazima aione mikono yote miwili.

Sasa tuingie Biryogo.

Kigali kama makao ya utawala ilianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt. Pamoja na Wajerumani walikuja askari, wapagazi, makarani na wafanyabiashara kutoka pwani na kutoka sehemu za Tanganyika, wengi wao Waislamu, na lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Wabelgiji waliochukua nchi mwaka 1916 hawakuwaamini. Katika miaka ya 1920 waliwapangia makazi yao ya peke yao upande wa Nyamirambo. Mitaa ya namna hiyo iliitwa kwa Kifaransa kambi ya Waswahili, hapa kwetu na hata Burundi na Kongo. Shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na wazazi wengi wa Kiislamu walihofia kwamba mtoto akienda kusoma atarudi amebatizwa. Mlango wa shule ukiwa umefungwa, na mlango wa ofisi ulifungwa. Ikabaki biashara ndogo, ushonaji, udereva, ufundi wa magari. Hadi leo ukitafuta kipuri cha gari cha bei nafuu mjini Kigali utaelekezwa hukohuko.

Utawala huohuo ndio uliowaandikia Wanyarwanda kabila kwenye kitambulisho katika miaka ya 1930. Kwa hiyo mwananchi wa Biryogo aliwekewa alama mbili. Karatasini alikuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa kama wengine. Mtaani alikuwa Mswahili, neno ambalo katika Kinyarwanda cha kila siku lilibeba maana ya Mwislamu, na baadaye likabeba pia maana ya mjanja, mtu wa kona kona, asiyeaminika. Wanafunzi wetu wanalijua neno hilo vizuri sana. Kila mwaka kuna mmoja anayetusimulia jinsi ndugu zake walivyocheka aliposema anakwenda chuo kikuu kusomea Kiswahili.

Katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, mtaa huu uliokuwa uzio uligeuka kimbilio. Watutsi wengi walifichwa katika nyumba za Waislamu wa Biryogo na Nyamirambo, na katika misikiti. Viongozi wa Kiislamu walikuwa wamewakataza waumini wao kushiriki mauaji. Sababu zake zimejadiliwa sana. Wapo wanaotaja imani. Sisi tunaongeza jambo la kawaida zaidi, nalo ni ujirani. Watu waliosukumwa mahali pamoja kwa vizazi viwili au vitatu walikuwa wameoleana, wamekopeshana na wamezikana, na mambo hayo hayakupitia misheni wala ofisi ya chama.

Hata hivyo, onyo tulilompa Rossellini lazima tujipe na sisi. Si kila Mwislamu alikuwa mwokozi. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura lililomwaga sumu dhidi ya Watutsi, alikuwa Mwislamu. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2003, na mwaka 2007 adhabu ikapunguzwa kuwa miaka 35. Wapo pia wengine wasio na umaarufu wake. Mtaa hauna fadhila ya kuzaliwa nayo. Una watu, na siku ile wengi wao walichagua vizuri.

Sinema ilichelewa kufika. Rossellini alihitaji miezi; sisi tulihitaji miaka. Filamu ndefu ya kwanza kuhusu mauaji ya kimbari, 100 Days ya Nick Hughes, iliyotayarishwa na Mnyarwanda Eric Kabera, ilitoka mwaka 2001, nayo ilipigwa picha Kibuye, mahali penyewe. Hotel Rwanda ya mwaka 2004, ambayo ulimwengu mzima umeiona, ilipigwa sehemu kubwa Afrika Kusini, na mtu wa Kigali akiitazama huona milima isiyo yake. Shooting Dogs ya mwaka 2005 ilirudi kwenye shule ileile ya Kicukiro ilikotokea habari yake. Mwaka 2007 likaja jambo la karibu zaidi na Waitaliano: Munyurangabo ya Lee Isaac Chung, iliyopigwa kwa siku 11 tu, kwa Kinyarwanda, vijana wa kawaida wakiwa waigizaji na wanafunzi wake wakiwa mafundi. Vijana wawili wanaondoka Kigali na panga lililoibiwa sokoni. Anayeijua Ladri di biciclette ataona undugu mara moja: kitu kimoja cha mkononi kinabeba maisha yote ya mwenye nacho.

Habari ya Waislamu wa Kigali ilipata filamu yake mwaka 2011. Inaitwa Kinyarwanda. Mwongozaji ni Alrick Brown, mzaliwa wa Jamaika aliyekulia Marekani, na wazo lilitoka kwa Mnyarwanda Ishmael Ntihabose. Ilipigwa nchini Rwanda kwa siku 16 na kushinda tuzo ya watazamaji katika tamasha la Sundance. Visa sita vinasukwa pamoja, na kimoja kinamhusu padri wa Kikatoliki aliyekimbilia msikitini.

Hapo ndipo darasa letu liliposimama. Katika filamu ya Roma padri ndiye mwenye nyumba. Ana funguo, ana maficho, ana jina jema, na mtu asiyeamini Mungu anakuja kwake kuomba hifadhi. Katika filamu ya Kigali padri ndiye mgeni. Amekuja kwa watu ambao kanisa lake na serikali ya wakati wa ukoloni waliwaweka pembeni, nao wanampokea. Mtu asiyejua yaliyotokea Ntarama na Nyamata, ambako maelfu waliuawa ndani ya makanisa waliyoyakimbilia, hataelewa kwa nini Mnyarwanda hawezi kumwandika Don Pietro kwa wepisi ule wa 1945. Na mtu asiyeijua kambi ya Waswahili hataelewa uzito wa mlango wa msikiti kufunguliwa kwa padri. Ataona wema tu. Hataona deni.

Lipo pengo moja, nalo ndilo linalotuhusu sisi wa idara hii. Lugha kuu za filamu hiyo ni Kiingereza na Kinyarwanda. Tunaelewa sababu: Kiingereza ni cha soko, Kinyarwanda ni cha nchi, na jina la filamu lenyewe linatangaza kwamba lugha moja ndiyo inayotuunganisha. Ni hoja ya kisiasa, na baada ya 1994 ni hoja yenye uzito. Lakini Biryogo bila Kiswahili ni Prenestino bila sauti ya Pina. Katika filamu ya Rossellini Wajerumani wanasema Kijerumani, na watu wa mtaa wanasema Kiroma chao cha uswahilini, si Kiitaliano cha redio ya Mussolini. Serikali ya kifashisti ilikuwa imezipiga vita lahaja kwa miaka mingi, kwa hiyo Magnani akifungua kinywa tayari ametoa hoja. Biryogo nayo ilitengwa kwa sababu ya dini na lugha. Ukiuonyesha msikiti ukaiacha lugha, umeonyesha nusu ya uzio.

Tulikuwa tumejiandaa kulaumu watengenezaji wa filamu, kazi nyepesi. Kisha yakatokea yaliyotokea darasani.

Nakala yetu ya filamu ya Roma ilikuwa na manukuu ya Kifaransa chini ya picha. Wanafunzi wa sasa wamesomeshwa kwa Kiingereza tangu utotoni na Kifaransa kinawapita. Tukasimama kando ya ukuta kutafsiri kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, kama wale wasimulizi wa agasobanuye ambao kwa miaka mingi wamewatafsiria Wanyarwanda filamu za kigeni kwenye vibanda vya video. Tofauti ni kwamba wao wanachekesha. Wanawake walipovamia duka la mkate, tulisema kwa Kiswahili sanifu kabisa, "Akina mama, tafadhalini msisukumane." Darasa likacheka, na si kwa sababu nzuri. Msichana mmoja mzaliwa wa Biryogo, ambaye kwa kawaida hukaa nyuma na kunyamaza, akasema kwa sauti: "Eh mama, nipitishe huko, watoto banalala na njaa!" Kicheko kikakatika. Tukamwomba aendelee, akaendelea hadi Pina alipoanguka.

Ni lazima tukiri kwamba sikio letu lilisikia kosa kwanza. Banalala. Tumelisahihisha neno la namna hiyo kwa wino mwekundu mara zisizohesabika: watoto wanalala, si banalala. Tulisoma shahada ya uzamili katika nchi jirani, ambako nasi tulichekwa kwa r na l zetu, tukarudi na ukali wa mtu aliyechekwa. Katika karatasi zetu Kiswahili cha Biryogo, chenye Kinyarwanda ndani yake na Kikongo ndani yake na ngeli zilizolegea, hakijawahi kuwa lahaja. Kimekuwa orodha ya makosa. Tulipomaliza filamu tulitafuta daftari la alama la muhula uliotangulia. Msichana yule alikuwa amepata 9 kati ya 20 katika insha.

Jambo jingine linafaa kutajwa. Filamu ya Rossellini, ili kuokoa gharama, ilipigwa kwa sehemu kubwa bila sauti. Waigizaji waliingiza maneno baadaye, wakijitazama wenyewe ukutani. Sauti ile ya mtaa tunayoisifu sana iliwekwa juu ya picha baada ya tukio. Kwa hiyo hakuna kinachozuia picha yetu nayo kuwekewa sauti yake.

Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, miaka kumi baada ya nchi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sheria ilipopita Bungeni tuliandika katika jarida kama hili kwamba Kiswahili kimekuja Rwanda. Wazee wa Biryogo walioisoma, kama walikuwapo, bila shaka walitabasamu.

Muhula ujao tunapendekeza zoezi. Wanafunzi wachukue sehemu za msikitini katika filamu ya Kinyarwanda, waende Biryogo na kinasa sauti kwa ruhusa ya wenyeji, wawaulize wazee watu walisemaje siku zile ndani ya nyumba zile, walimwitaje mgeni aliyeingia usiku, walimnyamazishaje mtoto, kisha waandike mazungumzo upya kwa lugha hiyo. Wazee wengine hawatataka kusema, na wasisumbuliwe. Tatizo lililobaki ni la usahihishaji. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba idara ya Kiswahili ikitoa alama kwa "banalala" itakuwa imejichimbia kaburi mbele ya wizara. Mwingine anataka alama zitolewe, lakini katika somo la isimujamii tu, si la fasihi. Sisi tumependekeza lisahihishwe na watu wawili, mmoja wetu na mmoja mkazi wa mtaa huo. Kikao cha idara kimeliahirisha hadi mwezi ujao.